Machozi ya Jukwaani Hayachimbwi Kaburini

Mwezi uliopita nilialikwa kutazama mazoezi ya kikundi cha vijana katika ukumbi mmoja wa kanisa hapa Moshi, upande wa Majengo. Mchezo wenyewe wameutunga pamoja: mjane anafukuzwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, na shemeji zake hata matanga hayajaanuliwa. Kwa watu wa huku hadithi hiyo haihitaji utangulizi. Kila ukoo una yake, na wengine wanayo mahakamani. Binti anayecheza mjane ana miaka 19. Sauti yake inafika viti vya nyuma na uso wake unasomeka kutoka mlangoni. Lakini kwenye sini ya kufukuzwa alikuwa mkavu. Mistari anayo, machozi hana. Mwongozaji, kijana mwenye bidii zake, akamvuta pembeni akamnong'oneza neno. Binti akarudi katikati ya ukumbi, akafumba macho, na baada ya nusu dakika hivi akaanza kulia.

Alilia kweli. Alilia mpaka sisi tuliokaa kwenye mabenchi tukaanza kutazama viatu vyetu. Mabega yakampanda, koo likamkaba, na mistari yake mitano ya mwisho, ile inayobeba mchezo mzima, ikafia kifuani. Kijana aliyecheza shemeji akabaki amesimama na hati ya shamba mkononi, hajui aendelee kumfokea au amshike mkono. Mama mmoja aliyekuwa amefuata funguo za ukumbi akauliza kwa sauti, "Huyo mtoto anaumwa?"

Baadaye nikaambiwa alichonong'onezwa: "Mkumbuke marehemu baba yako." Baba yake alizikwa mwaka jana. Kesho yake binti hakuja mazoezini.

Sina ugomvi na kijana yule. Alifundishwa hivyo, na aliyemfundisha naye alifundishwa hivyo. Ukipita kwenye vikundi vya maigizo kuanzia hapa mpaka Arusha utaisikia kanuni hiyohiyo ikitembea: mwigizaji bora ni yule anayehisi kweli, na ili ahisi kweli lazima atoneshe kidonda chake. Ugomvi wangu ni na kanuni. Naiona ni ufundi mbaya kabla hata hatujafika kwenye suala la utu, na ubaya wake unaanzia kwenye dhana tuliyonayo kuhusu fahamu na mwili. Tunadhani hisia zimehifadhiwa mahali fulani ndani, mwili ni mlango tu wa kuzitolea, kwa hiyo mwongozaji akipata ufunguo kazi imekwisha. Yule mama ndiye aliyekuwa mtazamaji pekee asiye na upande mle ukumbini, na hakumwona mjane. Aliona mgonjwa.

Swali la kama mwigizaji anahisi au anadanganya lina umri. Mfaransa Denis Diderot aliliandikia mazungumzo marefu katika miaka ya 1770, yakaja kuchapwa mwaka 1830, yeye akiwa na miaka 46 kaburini. Jibu lake linawakera waigizaji mpaka leo: mwigizaji mkubwa hahisi kitu. Anayeigiza kwa moto wa moyo, alisema, leo atawaka na kesho atazimika. Anayeigiza kwa kichwa kitulivu atakuwa yuleyule usiku wa kwanza na usiku wa kumi. Mfano wake mkubwa ni Clairon, mwigizaji wa kike aliyetamba Paris, ambaye kwa maelezo yake alimjenga mhusika kwa kazi ndefu ya faraghani, kisha jukwaani akawa anamfuata tu yule aliyekwisha kumjenga. Anacho pia kisa kitamu cha mume na mke, wote waigizaji, waliochukiana nyumbani wakapangwa kucheza wapenzi. Kila baada ya mstari wa mahaba walikuwa wakinong'onezana matusi, na ukumbi ukiwashangilia.

Aliyewahi kukaa nyuma ya pazia hawezi kukibisha kisa hicho. Mimi nimemshuhudia bibi harusi wa jukwaani akimkumbusha bwana harusi wake, katikati ya kiapo na bila kutikisa midomo, kwamba bado anamdai elfu tano.

Kwa hiyo Diderot anajua anachokisema. Anateleza mahali pamoja, tena pale anapoukaribia ukweli kuliko popote. Anasema pazia likishuka, mwigizaji ni mchovu na mtazamaji ndiye mwenye huzuni. Vizuri. Lakini huo uchovu umetoka wapi? Kama kichwa kitulivu kilikaa juu kikitoa amri, na moyo ukawa umelala, nani alikuwa akifanya kazi jioni nzima? Ulikuwa mwili. Na mwili uliofanya kazi ya kulia kwa saa mbili hauwezi kuwa hauna habari ya kilio. Diderot alichagua kati ya kichwa na moyo, akazisahau mbavu, magoti na pumzi.

Tuiache Paris, twende msibani. Mama anashuka kwenye kifodi pale barabarani, anabishana na konda kuhusu chenji, anapanda njia ya migombani akiongea na mwenzake habari za bei ya mahindi. Akilikaribia geti na kuliona turubai, anakaza kanga kiunoni, mkono unakwenda kichwani, sauti inapanda. Anamwita marehemu kwa jina. Hatua kumi mbele uso umeshalowa. Hatua ishirini, magoti yanalegea na wanawake wawili wanamdaka. Anakaa mkekani analia mpaka kilio kinaisha chenyewe. Robo saa baadaye anauliza kama ndizi za kupika zimeshamenywa.

Mgeni atasema huo ni unafiki. Sisi tuliokulia humo tunajua si unafiki, na tunajua vilevile kwamba mama yule hakuwa akilia alipokuwa akidai chenji yake. Kilio kilianzia getini kwa sababu getini ndipo mwili wake ulipochukua umbo la kulia. Umbo lilitangulia, huzuni ikaja kulijaza. Na wakati wote huo fahamu hazikumpotea: dimbwi aliliona akalikwepa, na aliyemshika mkono wa kushoto anamjua kwa jina.

Mwaka 1884 Mmarekani William James aliandika jambo ambalo mama huyo angeweza kumfundisha. Tunadhani tunalia kwa sababu tuna huzuni, alisema, kumbe tuna huzuni kwa sababu tunalia. Tunaogopa kwa sababu tunatetemeka. Mwaka uliofuata Carl Lange, daktari wa Denmark, akatoa hoja ya jirani na hiyo. Ikisemwa kavukavu namna hiyo hoja imetiwa chumvi, na mwaka 1927 mwanafiziolojia Walter Cannon aliipiga pigo zito: viungo vya ndani huchelewa kujibu, na mabadiliko yake wakati wa hofu na wakati wa hasira yanafanana mno kiasi cha kutoweza, peke yake, kutuambia tunahisi nini.

Mabishano yangeishia hapo kama asingetokea mwanasaikolojia wa Marekani Paul Ekman na wenzake. Mwaka 1983 walichapisha jaribio ambalo kila mwongozaji angefaa kulijua, maana wengi wa waliopimwa walikuwa waigizaji. Hawakuambiwa "kasirikeni". Waliambiwa: shusha nyusi na uzivute pamoja, inua kope za juu, bana midomo. Msuli kwa msuli, bila hadithi, bila kumkumbuka yeyote. Mapigo ya moyo yakabadilika, na joto la vidole likapanda kwenye uso wa hasira kuliko kwenye uso wa hofu. Kiswahili kilikuwa kimeshatamka kitu cha aina hiyo: mwenye hasira damu inamchemka, mwenye hofu anaganda. (Msamiati si ushahidi, najua. Tunasema pia roho mkononi na hakuna daktari aliyeikuta huko.)

Nisimuuzie mtu mbuzi kwenye gunia. Jaribio jingine mashuhuri, la mwaka 1988, lililodai kwamba kubana kalamu kwa meno ili uso uchukue umbo la tabasamu hufanya vibonzo vichekeshe zaidi, lilirudiwa na maabara 17 na matokeo ya mwaka 2016 hayakuliunga mkono. Uchunguzi mkubwa zaidi wa mwaka 2022 uliwakuta watu walioiga tabasamu kwa uso wakipata furaha kidogo, kidogo tu. Mwili basi hauwashi hisia kama unavyowasha taa. Nauona kama baiskeli juu ya mlima: ukiisukuma kidogo na mteremko ukawapo, mteremko unaichukua, usipokuwapo, inasimama baada ya mita mbili. Msibani mteremko upo: marehemu yupo, turubai lipo, wapo wanaolia. Kwenye maabara ya kalamu na vibonzo haukuwapo. Jukwaani mteremko ni hadithi yenyewe, na mwigizaji aliyeiacha hadithi akaenda kutafuta mteremko wa nyumbani kwao amepanda baiskeli nyingine.

Hapo ndipo ninapoipenda namna waigizaji wetu wanavyoliita jambo hili. Tukimsifu mtu tunasema ameuvaa uhusika. Anayevaa anabaki ndani ya nguo, na bado nguo inambadilisha. Fuatana na vijana wanaotafuta mavazi ya mchezo pale Soko la Memorial uone falsafa nzima ikifanyika juu ya lundo la mitumba. Wiki ileile kijana anayecheza mzee wa ukoo alipata koti la sufu lililompwaya mabegani, zito kama blanketi. Alipolivaa tu, kabla hajaambiwa lolote, kidevu kilishuka, hatua zikafupika, mkono mmoja ukaenda mgongoni. Muuzaji akacheka akamwita "meku", yaani mzee. Koti halikumpa kumbukumbu za uzee, atazitoa wapi. Lilimpa uzito, uzito ukamfundisha kutembea, na kutembea kule kukamletea, aliniambia mwenyewe, kihasira kidogo cha mtu ambaye wenzake wanampita njiani. Babu yake hakutajwa.

Neno tunalo, ila tunalielewa upande. Tunadhani aliyeuvaa uhusika sawasawa ni yule ambaye hayupo tena ndani ya vazi. Mimi mwenyewe niliwahi kulidhani hilo, na nililipa. Nikiwa kidato cha tano, kwenye shule ambayo sitaitaja, nilipewa nafasi ya mlevi. Nikaona nisiwadanganye watu. Jioni ya onyesho nikanywa mbege lita nzima na ushee, nikapanda jukwaani mlevi halisi. Hakuna aliyecheka. Mlevi halisi kazi yake yote ni kuuficha ulevi: anasimama wima kupita kiasi, anaweka mguu chini kwa uangalifu kama sakafu ni ya mayai, anatamka kila silabi. Nilikuwa nimejaa ukweli, na ukweli wote ulikuwa unajificha. Mstari wa tatu nikausahau, wa nne nikauruka, nikateremka kupitia mahali ambapo hapakuwa na ngazi. Kaka yangu, ambaye hajui lolote kuhusu uigizaji, aliniambia tukirudi nyumbani: "Ungekuwa mzima ungelewa vizuri zaidi."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo na sijaona sentensi iliyomjibu Diderot vizuri kuliko hiyo.

Kanuni ya kutonesha kidonda ina jina kubwa nyuma yake, na jina hilo linasingiziwa nusu. Konstantin Stanislavski, aliyeanzisha ukumbi wa sanaa wa Moscow mwaka 1898 pamoja na Nemirovich-Danchenko, kweli alijaribu kwa muda mrefu njia ya kumbukumbu ya hisia, akiazima wazo la mwanasaikolojia wa Ufaransa Théodule Ribot. Mwigizaji aikumbuke siku yake ya huzuni, vitu vilivyomzunguka, harufu, mwanga, na hisia itarudi. Lakini katika miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki mwaka 1938, mzee aligeuka. Aliwataka waigizaji waache kuikimbiza hisia; watafute tendo. Mtu huyu anataka nini? Anafanya nini kwa mikono na miguu yake ili akipate? Nani anamzuia? Mwaka 1934 Mmarekani Stella Adler alikutana naye Paris, akafanya naye kazi wiki kadhaa, akarudi New York kuwaambia wenzake kwamba habari waliyoibeba ni nusu. Hawakukubali wote. Mmoja wao, Lee Strasberg, aliishikilia kumbukumbu ya hisia mpaka mwisho wa maisha yake, na ile nusu yake ndiyo iliyosafiri mbali zaidi, nadhani kwa sababu ni rahisi kuisimulia na inamfanya mwigizaji aonekane shujaa. Ikatufikia hata sisi, bila jina la mwenyewe, kama mnong'ono pembeni ya ukumbi.

Kumbukumbu inafanya kazi, sikatai. Shida yake haitii. Binti yule alipomkumbuka baba yake, fahamu yake iliondoka Majengo ikaenda makaburini, na mwili ukaifuata. Shemeji aliyekuwa mbele yake na hati mkononi akawa hayupo tena. Alikuwa analia, lakini kihamba hakikuwa na sehemu yoyote katika kilio kile, ndiyo maana kilituaibisha badala ya kutugusa. Na hapa ndipo utu unapoingia: vikundi vyetu havina mtu wa kumrudisha aliyekwenda huko. Mazoezi yakiisha saa kumi na mbili, mlango unafungwa, kila mtu anatafuta usafiri wa kwao, na binti anabaki na baba aliyefukuliwa.

Basi fahamu ya mwigizaji ikae wapi? Jibu lililonituliza kuliko mengine linatoka Japani. Zeami, bwana wa mchezo wa Noh aliyefariki mwaka 1443, aliwaachia warithi wake mafundisho ambayo kwa muda mrefu yalikuwa siri ya ukoo. Mojawapo linasema macho yatazame mbele na moyo ukae nyuma. Mchezaji anaona kilicho mbele yake, na wakati huohuo anajiona kwa macho ya waliokaa ukumbini, hata mgongo wake ambao yeye hawezi kuufikia kwa macho. Akaweka na kipimo: moyo uende kumi kwa kumi, mwili saba kwa kumi. Mimi naisoma hivi, na anayejua zaidi anisahihishe: zile tatu ambazo mwili umezibakiza ndizo anazokuja kuzijaza mtazamaji. Binti yetu alikwenda kumi kotekote. Hakutuachia cha kufanya isipokuwa kumwonea huruma.

Ukimwambia mtu habari ya kuzama na kujitazama kwa pamoja, haraka anafikiria kijitu kimekaa kichwani kinaendesha mtu mzima kama dereva na basi. Hata mwanafalsafa Descartes, anayebebeshwa lawama zote za kuitenga roho na mwili, alikiri mwaka 1641 kwamba hakai mwilini mwake kama nahodha chomboni. Mwanafalsafa mwingine wa Ufaransa, Maurice Merleau-Ponty, mwaka 1945, alikwenda mbali zaidi: kwake mwili ndiyo namna yenyewe ambavyo fahamu ipo duniani. Mfano wake ni kipofu na fimbo. Fimbo ikishazoeleka, kipofu haisikii tena kiganjani; anaisikia barabara, pale kwenye ncha.

Sisi hatuhitaji fimbo. Simama asubuhi kwenye barabara ya Kibosho uwaone akina mama wakishuka sokoni na mikungu ya ndizi vichwani. Anaitikia marahaba, anageuka kumwita mwanawe, anavuka mfereji, anacheka. Mkungu hautikisiki. Muulize anaushikaje, atakushangaa. Ukadhani ameusahau, utakosea: tawi likining'inia njiani ameshainama kabla hujaliona wewe. Anaufahamu mkungu kwa shingo. Ninachokitafuta kwa mwigizaji ni hicho, auchukue uhusika kwa shingo ili macho na ulimi vibaki huru kukutana na watu.

Hata mistari hukaa hukohuko. Muulize mwigizaji mstari wake akiwa amekaa anakunywa chai, atababaika. Msimamishe pale anaposimama siku zote, mkono ukiwa juu ya meza ileile, na mstari unatoka wenyewe. Helga Noice na Tony Noice, watafiti wa Marekani waliochunguza kumbukumbu za waigizaji kwa miaka mingi, walikuta kwamba maneno yanayosemwa pamoja na mwendo hukumbukwa vizuri kuliko yanayosemwa mtu akiwa ametulia. Wanaowakaririsha vijana duara zima wiki tatu kabla ya kuwasimamisha wanawafanyisha kazi mara mbili.

Kuna neno jingine linalosimama kinyume cha kuvaa, na nalo ni letu. Katika ngoma za pepo za Pwani, mtu anayepandwa huitwa kiti. Pepo ndiye anayekaa. Mwenye mwili ni mahali pa kukalia, na pepo akiondoka, mwenyewe huelezwa na wengine yaliyosemwa kwa kinywa chake. Wanaotaka mwigizaji "apotee" ndani ya uhusika wanataka kiti, hata kama hawalijui neno.

Tunayo tamthilia iliyoiweka tofauti hiyo jukwaani, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Kinjeketile anavutwa na kutoweka mtoni, anatoka mkavu, anatamka maneno ya Hongo, pepo aliyempanda, mbele ya watu, na katikati ya unabii anajikuta amesema kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Neno hilo linamshtua yeye mwenyewe. Sasa mfikirie kijana anayeicheza sehemu hiyo. Lazima atuonyeshe mtu aliyepandwa, na yeye asipandwe hata chembe. Atuonyeshe mtu anayeshtushwa na neno lililomtoka bila kulijua, wakati neno hilo amelikariri miezi miwili akiwa kwenye foleni ya maji. Mwili ni mmoja, na ndani yake yumo Hongo anayesema, yumo Kinjeketile anayeshtuka, na yumo kijana wa Pasua anayehesabu hatua asije akaporomoka kwenye ukingo wa jukwaa. Mwondoe huyo wa tatu, mchezo umekwisha. Umebaki na mtu anayehitaji kupepewa. Nami nasisitiza kwamba huyo wa tatu hayuko kichwani akiwatazama wenzake. Yuko kwenye nyayo. Nyayo ndizo zinazojua ukingo uko wapi wakati macho ni ya Kinjeketile.

Lipo swali ambalo jukwaa halina jibu lake, lile ambalo mwanafalsafa David Chalmers alilipa jina la tatizo gumu mwaka 1995: kwa nini shughuli zote hizi za ubongo na neva ziambatane na kuhisi chochote, badala ya kupita gizani bila mwenyewe? Sitajifanya kulijibu, na sidhani kama mwigizaji anajua zaidi ya mfugaji. Ila anao ushahidi ambao wanaogawa hisia kuwa za kweli na za uongo wangefaa kuusikiliza. Jukwaani mtu anaweza kuwa na hofu ambayo ni ya kweli kwenye mapigo na kwenye jasho, akijua wakati huohuo kwamba hakuna cha kuogopa, na kujua huko kusiipunguze hofu wala hofu kusifute kujua. Mama wa getini anaishi hivyo pia. Nani kati yetu haishi hivyo, hata kwenye usaili wa kazi?

Binti alirudi Jumamosi. Nilimwomba mwongozaji ruhusa ya kujaribu kitu, akakubali kwa upole wa mtu aliyechoka. Baba wa watu hatukumgusa. Tulichukua ndoo ya lita 20 ya kudekia ukumbi, tukaijaza mpaka mdomoni. Mjane anarudi kutoka mferejini, anawakuta shemeji zake wamesimama mlangoni na hati. Nikamwambia mambo machache tu: sakafu ya ndani umetoka kuisiriba jana, maji yasimwagike, pa kuitua ndoo hapapo maana wameziba mlango, na maneno yako yote yaseme ingali kichwani.

Mistari mitatu ya kwanza ilikwenda kawaida. Kwenye wa nne shingo ilianza kutetemeka, ndoo ilikuwa nzito kweli, na sauti ikashuka ikawa ndogo na safi. Alikuwa akimwambia shemeji yake kwamba mgomba ule wa kona aliupanda yeye kwa mkono wake. Kichwa hakuweza kukiinamisha, kwa hiyo ilibidi amtazame usoni. Shemeji, kwa mara ya kwanza tangu mazoezi yaanze, ndiye aliyeangalia chini. Maji kidogo yakamwagika yakampitia binti shavuni. Hakuyafuta, mikono yote miwili ilikuwa juu. Yule mama wa funguo alikuwa amekaa benchi la nyuma na pindo la kanga mdomoni, funguo ziko mapajani, muda wa kufunga ulikuwa umepita.

Tulipomtua ndoo nikamuuliza alikuwa anawaza nini pale.

"Maji," alisema, akijisugua shingo. "Mmeijaza mno, mwalimu."